Tela Halina Ufunguo

Walituachia mawe matatu, yale meusi ya volkano ambayo hapa Moshi hayanunuliwi, yanaokotwa mtaroni. Waliyapanga chini ya ekseli moja juu ya jingine, tela likabaki limesimama kama mgonjwa aliyeegemezwa kwenye mito. Tairi la kushoto halikuwepo, wala nati zake tano. La kulia lilikuwepo, ila nati zake mbili zilikwisha kulegezwa. Nadhani jogoo wa jirani aliwika mapema kuliko walivyopanga.

Jirani mwenyewe alikuja na kikombe chake cha chai, akainama, akachungulia chini ya tela, akatikisa kichwa kwa namna ambayo sikuipenda, kwa sababu ilikuwa na heshima ndani yake.

"Aisee Mangi, hawa ni mafundi," alisema. "Jeki hawakuwa nayo. Wawili wameinua, mmoja amepanga mawe."

Hii ni Njoro, kata ya Manispaa ya Moshi iliyo jirani na Msitu wa Rau. Huku chemchemi na mitaro ya maji ni mingi, uzio wa michongoma unapita ukuta wa matofali kwa wingi, na mtu anaweza kutokea nyuma ya nyumba yako akidai anatafuta mbuzi wake. Tela lenyewe si kitu cha kujivunia. Ni boksi la nyuma la pikapu ya zamani, fundi alilikata, akaliwekea mkono wa chuma mbele na turubai juu. Kazi yake ni kubeba kambi: mahema, magodoro, jiko, mtungi wa gesi, madumu ya maji, na viti vya kukunja ambavyo huwa havikunjiki. Tumelivuta hadi Ziwa Chala, hadi West Kilimanjaro, hadi upande wa Mkomazi. Watu wa ughaibuni wana matela ya safari yenye vitanda, friji na choo. Sisi tuna hili, na wezi wanayapenda yote bila ubaguzi.

Baada ya asubuhi ile nilianza kuyatazama matela kwa jicho lingine, na mkoa huu umejaa matela. Kule TPC, kusini mwa mji, trekta moja huvuta msururu wa matela ya miwa. Mabogini na Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 1980, pawatila zina vitela vyao. Pawatila hizo zilienea sana nchini baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, na kuna wakulima watakaokuambia kwamba tela linawaingizia fedha kuliko jembe, maana shamba hulimwa msimu tu lakini mchanga na matofali hubebwa mwaka mzima. Kampuni za utalii nazo zina matela ya mizigo ya kambi. Mengi ya haya, ukipita jioni, utayaona yamesimama uani, mkono wa chuma umeelekezwa barabarani, yakimsubiri yeyote mwenye gari.

Kisa chote kiko hapo. Gari lina ufunguo, lina usukani unaojifunga, na siku hizi lina kompyuta inayokataa kuwasha injini kama haikutambui. Pikipiki angalau inapiga kelele. Tela halina injini, halina swichi, halina honi. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba: anayeishika kamba ndiye mwenye mbuzi. Na kamba hiyo imetengenezwa kwa kipimo kimoja. Tufe la chuma lililo nyuma ya magari mengi yanayovuta matela madogo lina kipenyo cha milimita 50, na la Kimarekani la inchi mbili linalizidi kwa chini ya milimita moja. Kikombe cha tela langu kitakaa juu ya tufe la gari langu, la jirani yangu, na la mtu anayepita saa tisa usiku akiwa amezima taa.

Kabla ya wizi wa tairi nilijiona nimejilinda. Nilikuwa nimenunua kufuli zito, linang'aa, nikalitia kwenye kile kitasa kinachokibana kikombe. Kila jioni nilikuwa nalivuta mara mbili kuhakikisha. Siku nilipolipeleka tela gereji kutafuta tairi jingine, fundi aliliangalia kufuli lile, akaniomba spana namba kumi na tisa. Hakuligusa kufuli. Alifungua bolti mbili zilizoshika kikombe kwenye mkono wa tela, akakitoa kikombe kizima pamoja na kufuli lake, akanikabidhi mkononi.

"Kufuli lako zima hili hapa, mzee," alisema. "Tela limeshaondoka."

Mwizi akija na kikombe chake mwenyewe na bolti mbili, kazi ni ya dakika tano. Asipokuja nacho, anazungusha mnyororo kwenye mkono wa tela na kulikokota taratibu hadi mahali penye nafasi. Kwa hiyo kufuli la kwenye kitasa linamzuia mtoto anayechezea, na pengine mlevi. Kuna aina nyingine ya kufuli ambayo ina tufe la bandia linaloingia ndani ya kikombe na kukijaza, hivyo tufe lingine haliwezi kuingia. Hilo ni afadhali. Lakini hata lenyewe linategemea bolti. Fundi wangu alizirudisha bolti, akazipiga doa la kulehemu juu ya nati. Shilingi elfu chache, na spana haina kazi tena. Sikumwuliza mbona hakunishauri hivyo siku alipolitengeneza. Angeniambia sikuuliza.

Sasa tuje kwenye grainda. Zamani kifaa hiki kilihitaji umeme wa ukutani, na mwizi hawezi kukuomba soketi. Siku hizi kuna zinazotumia betri, zinaingia kwenye begi la shule, na hakuna kufuli wala mnyororo wa kawaida unaozishinda zikipewa muda. Watu wengi wakisikia hivyo hukata tamaa, wakasema basi kufuli la nini. Wanakosea. Grainda inapiga ukelele wa kuamsha mtaa na inamwaga cheche zinazoonekana kutoka mbali. Kazi ya chuma kigumu ni kumlazimisha mwizi achague kati ya kelele na kwenda nyumba nyingine, na wezi wengi huchagua nyumba nyingine. Samahani kwa nyumba nyingine.

Kinachotakiwa ni kumnyima kazi ya kimya. Mkasi mkubwa wa kukatia vyuma ni kimya, kwa hiyo mnyororo mwembamba wa dukani, ule unaofungia geti, hauna maana. Mnyororo ukilala chini mwizi anaweza kuweka mkono mmoja wa mkasi kwenye sakafu na kuukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili wote; ukining'inia juu, umekazwa bila kulegea, ananyimwa nguvu hiyo. Wengi tunaupitisha mnyororo kwenye matundu ya rimu tukajisikia vizuri. Rimu inafunguliwa, mnyororo unabaki umelikumbatia tairi, tela linapewa matairi mengine. Upite kwenye fremu yenyewe, uende kwenye kitu ambacho hakihamishiki.

Kitu hicho mimi nilikitengeneza kwa nondo nene iliyokunjwa mfano wa kiatu cha farasi, miguu yake imepindwa kwa chini, nikaizika kwenye zege lenye kina cha goti. Mke wangu aliuliza tunamfunga tembo gani. Halafu nikaligeuza tela: pua imetazama ukuta, matako yametazama geti, na gari limeegeshwa nyuma yake. Kugeuza huku hakukunigharimu hata senti na ndiko ninakokuamini kuliko vyote, maana anayetaka kuliondoa lazima kwanza alizungushe kwa mikono mahali ambapo hapana nafasi ya kuzungusha. Kile kigurudumu kidogo cha mbele, kinachofanya tela liende kama toroli, ninakitoa na kulala nacho chumbani.

Wazo hili la kumbana mwizi kwenye njia nyembamba si langu. Wazee wa mlimani walilijua. Ukienda Marangu na Mamba utaonyeshwa mapango yaliyochimbwa kwa mikono enzi za vita na mashambulizi ya Wamasai, ambamo watu walijificha pamoja na ng'ombe wao. Mlango ulikuwa wa kuinama, adui alilazimika kuingia mmoja mmoja kichwa mbele, na aliyekuwa akimsubiri gizani hakuhitaji kuwa hodari sana. Simulizi zinasema udongo uliochimbwa ulimwagwa mtoni ili usiwe ushahidi. Kibosho, mtawala wa huko, Mangi Sina, alichagua njia nyingine: ngome ya mawe, maarufu kiasi kwamba Wajerumani chini ya kamanda wao Wissmann walipokuja mwaka 1891 iliwabidi waiteke kwa vita vikali. Kuficha na kuzungushia ukuta, mbinu zote mbili zimo damuni. Kilichobadilika ni kwamba babu zetu walichimba mapango kuwakwepa Wamasai, na sisi wajukuu tunawalipa mshahara watulindie geti. Kijana wa kwetu ana rungu, tochi na redio ndogo, na anajua kila gari linalopita kwa mlio wake. Usiku ule wa mawe alikuwa hajaajiriwa bado. Yeye hupenda kunikumbusha hilo.

Watu wenye matela ya kulala waligundua jambo hilohilo la kujizungushia ukuta kwa njia yao. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwenye kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ya aluminiamu kutoka Cape Town kwenda Cairo, wakakatiza Afrika Mashariki na Ethiopia, wakafika kwenye piramidi mwaka 1960. Kuna picha mashuhuri za matela yale yanayometameta yakiwa Giza. Wasafiri wale walikuwa na desturi ya kuyapanga matela kwa duara wanapopiga kambi. Mfugaji yeyote wa uwandani angeitambua picha hiyo mara moja: ni boma. Ukienda kambini na wenzako, msiyatawanye magari kila mmoja akitafuta kivuli chake. Wekeni mikono ya matela ndani, migongo nje.

Lakini kambini si mahali pa hatari kubwa. Hatari iko njiani. Kila Desemba, Wachagga wanapopanda mlimani kwa ajili ya Krismasi, barabara ya kutoka Dar es Salaam hubeba magari yaliyojaa hadi juu, na mengine yamevuta tela la magunia na masanduku ya soda. Watu husimama Mombo au Same, wanashuka wote kula, wanafunga milango ya gari kwa rimoti, taa zinakonyeza, wanaridhika. Tela nyuma halijui habari za rimoti. Kitasa cha kikombe kinahitaji kufuli hata tela likiwa limeungwa kwenye gari. Hapo ndipo lile kufuli langu linalong'aa lina kazi yake halali. Na mtu mmoja abaki. Nyama choma italetwa.

Nirudi Njoro, kwa sababu kuna aibu sijaieleza. Nilipokwenda kituoni kuchukua RB, askari aliniuliza maswali ya kawaida nami nikajibu kwa kujiamini, hadi alipofika kwenye namba ya chasisi.

"Halina," nilisema. "Limetengenezwa gereji."

Aliweka kalamu chini. Akaniuliza kwa upole: kama wangelichukua zima, nami nikalikuta kesho limepakwa rangi ya kijani kwenye uwanja wa mtu mwingine, ningethibitishaje kwamba ni langu? Nilisema ningelitambua. Akasema na yule mwenye uwanja naye angelitambua.

Kwa utaratibu wetu tela linalovutwa barabarani ni chombo kinachojitegemea: lina namba yake ya usajili na kadi yake kutoka TRA, kama gari. Hapa tumewazidi Waingereza. Kwao karavani, yaani tela la kulala, halina namba yake. Hubeba nakala ya namba ya gari linalolivuta. Wizi ulipowazidi, wenye viwanda walianzisha mwaka 1992 rejista yao iitwayo CRiS, kila karavani likapewa namba ya tarakimu na herufi 17 iliyochongwa kwenye chasisi na kwenye vioo vya madirisha. Sisi utaratibu tunao, wenye kuukwepa ndio wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Langu lilikuwa likitembea kwa namba ya gari iliyoandikwa nyuma kwa rangi na mtoto wa shule mwenye mwandiko mzuri.

Sasa lina kadi. Namba imegongwa kwa nyundo na herufi za chuma sehemu tatu, mbili za wazi na moja ambayo tunaijua mimi na fundi. Chini ya sakafu, pasipofikika bila kulala chali, kuna herufi za jina langu zilizochorwa kwa kulehemu. Anayesaga moja atadhani amemaliza. Picha za kila upande, pamoja na michubuko yake yote, ziko kwenye simu yangu na ya binti yangu aliye Dodoma, maana simu yangu nayo inaweza kuibwa.

Uandishi huu una faida nyingine, nayo nimejifunza kwa madereva wa malori. Misemo ile ya nyuma ya matela huonekana kama mapambo tu, lakini lori lenye maneno makubwa na picha ya simba halifichiki. Tela la rangi ya kijivu lisilo na neno linaweza kuwa la yeyote. Langu nimeliandika NJORO kwa herufi za kimo cha mkono ubavuni na juu ya turubai, manjano kwenye bluu. Binti amesema ni baya. Hilo ndilo lengo.

Kwa nini haraka hii yote ya kuthibitisha? Kwa sababu ya ramani. Kutoka Moshi hadi mpaka wa Holili si hata mwendo wa saa moja na nusu. Pale kuna kituo cha pamoja cha forodha na Taveta, lakini pembeni kuna njia za panya ambazo zimekuwepo kabla ya mpaka wenyewe. Wakuu wa polisi wa ukanda huu wana umoja wao, EAPCCO, tangu 1998, na magari yaliyoibwa ni moja ya shughuli zao pamoja na Interpol. Msaada huo unaanza na namba. Bila namba, hakuna cha kutafuta. Na mara nyingi tela halifiki hata mpakani: linakatwa vipande siku hiyohiyo na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, ekseli inakwenda kwenye mkokoteni, rimu kwenye tela la mwenzako. Ndiyo maana tairi langu sikulipata. Huenda nimepishana nalo mara nyingi tu kwenye barabara ya Pasua.

Vijana huniuliza kuhusu vifaa vya kufuatilia. Ninacho. Kwenye gari kifaa hunyonya umeme wa betri ya gari, lakini tela halina betri, kwa hiyo kinahitaji yake, na betri hiyo huisha kadiri unavyokitaka kitoe taarifa mara kwa mara. Cha kwanza kilizimika bila mimi kujua. Nilikuwa nafuatilia kwa makini kifaa kilichokufa. Sasa kinajitokeza mara moja kwa siku, na mara nyingi zaidi tela likianza kutembea. Usikiweke ndani ya sanduku la chuma, kwani chuma huziba mawimbi. Chini ya ubao au plastiki ni sawa. Vile vidude vidogo vya Bluetooth, kama AirTag ya mwaka 2021, hutegemea simu za watu wanaopita karibu. Stendi ya mabasi ya Moshi, penye watalii na simu zao, vitafanya kazi. Katikati ya miwa ya TPC vitakaa kimya.

Bima nayo uiulize swali moja tu kabla ya kulipa: tela likiibwa likiwa limesimama peke yake, halijaungwa na gari, mnalipa? Subiri jibu kwa maandishi.

Nimebakiza lile ambalo halinunuliwi dukani. Sungusungu walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadaye IGP Said Mwema, aliyeliongoza jeshi la polisi kati ya 2006 na 2013, alihimiza sana polisi jamii, tukapata ulinzi shirikishi kwenye mitaa. Mtaani kwetu ulikuja kwa kishindo, ukafifia watu walipochoka kuchangia, ukarudi baada ya mtu kuibiwa, ukafifia tena. Kati ya vipindi hivyo kinachobaki ni macho. Baada ya tukio langu nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikawaambia majirani: tela hili haliazimwi, haliuzwi, na haliondoki usiku. Mkiliona linaondoka, pigeni kelele kwanza, mniulize baadaye. Mama wa duka la kona aliniahidi. Mzee wa nyumba ya pili aliniahidi, ingawa nilishuku kwamba hasikii vizuri.

Mwezi uliopita tulipanga kwenda Chala. Ili tuwahi kabla jua halijapanda, niliamka saa kumi alfajiri, nikafungua mnyororo, nikalisukuma gari mbele na kuanza kuligeuza tela kwa mikono, taa zimezimwa ili nisiwaamshe watu. Mlinzi alikuwa ameomba ruhusa siku hiyo. Nilikuwa nimelifikisha tela nusu ya duara niliposikia filimbi, halafu sufuria ikigongwa, halafu tochi nne usoni mwangu. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye hasikii vizuri, alikuwa amesimama getini na panga.

"Wewe! Tela la mwenyewe hilo unalipeleka wapi?"

"Ni mimi, mzee."

"Mimi nani? Weka mikono juu ya tela hapo."

Niliweka. Mama wa duka alikuja na kitenge begani, akanimulika mara ya pili, akacheka, lakini hakumwambia mzee ashushe panga. Aliniuliza kadi iko wapi.